Alama za hulka: umelinganishwa na nani?

Anayetafuta kazi Mombasa anazijua foleni zake: cheti cha tabia njema cha polisi, nakala za kitambulisho, barua ya mdhamini. Siku hizi baadhi ya waajiri, wa hoteli na wa kutoa mizigo bandarini, wameongeza karatasi nyingine. Ina kauli arobaini, sitini au mia, na kila kauli inataka jibu kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Nusu saa baadaye kompyuta inatoa ripoti yenye grafu za rangi: uwajibikaji wa wastani, wahaka juu ya wastani, uchangamfu chini ya wastani. Meneja anasoma, jina linakatwa. Ripoti haikusema ni wastani wa nani.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya vipimo hivi vya hulka vinavyotumika kwetu. Mjadala wake huwa mwepesi mno. Kuna wanaosema ni uganga uliovaa tai, na kuna wanaosema sayansi imeshathibitisha, basi tunyamaze. Kielelezo chenyewe, kiitwacho Sifa Kuu Tano, kina utafiti wa miaka mingi nyuma yake na hakistahili kubezwa. Kinachoharibika ni safari ya hojaji kutoka ilikotungwa hadi mezani pa meneja wa Nyali: mtu analinganishwa na nani, kauli zinaulizwa vipi, na nani amehakiki kwamba huku nako zinapima kitu kile kile.

Asili ya kielelezo hicho ni kamusi. Mwaka 1884 Mwingereza Francis Galton alikadiria kwamba Kiingereza kina maneno yapata elfu moja ya kueleza tabia ya mtu. Wazo lililokuja kujengwa juu ya kazi hiyo ni kwamba tofauti za watu zikiwa na uzito katika kuishi pamoja, lugha itazipa majina. Gordon Allport na Henry Odbert wakaokota karibu maneno 18,000 mwaka 1936. Raymond Cattell akayachuja kwa hesabu hadi sifa 16, hojaji yake ikatoka 1949. Mwaka 1961 Ernest Tupes na Raymond Christal, waliokuwa wakilifanyia kazi jeshi la anga la Marekani, walirudia hesabu kwa makundi mbalimbali na kila mara zikajitokeza sifa tano. Lewis Goldberg aliendeleza kazi hiyo, na Paul Costa na Robert McCrae wakaunda hojaji ya NEO-PI-R ya mwaka 1992, yenye kauli 240.

Sifa Kuu Tano ni hizi: udadisi, yaani kupenda mawazo na mambo mapya, uwajibikaji, yaani mpangilio, bidii na kumaliza ulichoanza, uchangamfu, utangamano, yaani upole na kuwaamini wengine, na wahaka, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, hasira na huzuni. Michael Ashton na Kibeom Lee waliongeza ya sita katika kielelezo chao cha HEXACO: unyofu na unyenyekevu. Kwa anayeajiri keshia, hiyo ya sita huenda ikawa na faida kuliko tano zote, lakini hojaji nyingi zinazouzwa hazina.

MBTI, ile inayowagawa watu katika aina 16 kwa herufi nne, tuipitie haraka. Ilianzishwa na Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers kutokana na nadharia ya Carl Jung ya mwaka 1921. Tatizo lake ni kisu: inakata katikati. Alama za watu hurundikana katikati na kupungua pembeni, kwa hiyo wengi wako karibu na mstari wa kukatia, na swali moja au mawili yanatosha kumhamisha mtu upande. Ndiyo maana watu wengi wakijibu tena baada ya wiki chache hutoka na aina nyingine. Shirika linaloisimamia lenyewe linasema isitumiwe kuchagua wa kuajiri. Anayewauzia waajiri wa Mombasa kwa kazi hiyo anakwenda kinyume na mwongozo wa bidhaa yake mwenyewe.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana makosa mengi yamejificha humo. Tuchukue BFI-2, hojaji ya Christopher Soto na Oliver John ya mwaka 2017. Ina kauli 60, kila sifa kauli 12, na majibu ni 1 hadi 5. Alama ya chini kabisa kwa sifa moja ni 12, ya juu 60, katikati ni 36. Katika kila kauli 12, sita zimeandikwa kwa mwelekeo wa sifa ("mimi ni mtu wa mpangilio") na sita kwa kinyume chake ("mimi ni mtu wa ovyo ovyo"). Kabla ya kujumlisha, kauli za kinyume hugeuzwa: toa jibu kutoka kwenye 6, ili 1 iwe 5 na 2 iwe 4.

Aliyeweka majibu kwenye jedwali la kompyuta akisahau kugeuza, mambo yanapinduka. Mtu mwenye bidii kweli, aliyejibu 5 kwa zile sita za mwelekeo na 1 kwa zile sita za kinyume, atapata 30 na 6, jumla 36: "wa wastani". Aliyejibu 5 kila mahali bila hata kusoma atapata 60: "bora kabisa". Ukigeuza inavyotakiwa, wa kwanza ana 60 na wa pili 36. Alama ya kutambua kosa hili ni kipimo cha alfa cha Lee Cronbach, kinachoonyesha kama kauli za sifa moja zinakwenda pamoja. Hojaji nzuri hufika 0.70 au 0.80. Ukiona alfa ya 0.20, au imekwenda chini ya sifuri, kabla ya kuilaumu hojaji angalia kama kuna kauli hazikugeuzwa.

Tuseme hesabu ni safi, mwombaji amepata 42 kwa uwajibikaji. Ni nyingi au chache? Namba hiyo haina maana mpaka iwekwe kando ya kundi fulani. Kwa kawaida hugeuzwa kuwa alama ambayo wastani wake ni 50 na kila mkengeuko sanifu mmoja, yaani kipimo cha jinsi alama za kundi zinavyosambaa kutoka kwenye wastani, ni pointi 10. Chukua makundi mawili ya mfano. Kundi la kwanza lina wastani wa 44 na mkengeuko wa 8: mwombaji wetu anapata 47.5, chini ya wastani. Kundi la pili lina wastani wa 38 na mkengeuko wa 7: anapata karibu 56, juu ya wastani. Majibu ni yale yale. Kilichobadilika ni waliosimamishwa kando yake.

Basi makundi hayo ni ya akina nani? Kwa hojaji nyingi zinazonunuliwa mtandaoni ni wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, au watu waliojibu kwa hiari yao kwenye tovuti, kwa Kiingereza, bila kugombea chochote. Kijana wa Likoni anayejibu akiwa na njaa ya kazi analinganishwa na mwanafunzi anayejibu ili apate alama za darasani. Hata muktadha wa kugombea peke yake unapandisha alama: mtu akiwa na sababu ya kujipamba, anaweza kupanda nusu ya mkengeuko sanifu au zaidi. Kundi la kulinganishia waombaji kazi linapaswa liwe la waombaji kazi.

Na kulinganisha nchi kwa nchi kuna mtego mwingine. Utafiti wa David Schmitt na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 ulikusanya watu 17,837 kutoka mataifa 56. Katika uwajibikaji, eneo la Afrika lilijipa alama za juu na Asia Mashariki ikajipa za chini. Nani ataamini kwamba Wajapani ndio wazembe? Mtu anapojibu "mimi ni mwenye bidii", kimoyomoyo anajipima na jirani zake. Palipo na masharti makali kila mtu anajiona amepungukiwa. Tiba mojawapo ni kuwapa wote wasifu mfupi wa watu wawili watatu wa kubuni, wawapime kwanza kwa skeli ile ile, kisha wajipime wenyewe. Hapo unaona kila mtu anatumia rula ya urefu gani.

Kuna jambo jingine ambalo ripoti hulifunika kwa rangi: upana wa kosa. Ikiwa mkengeuko ni 8 na uthabiti wa kipimo, yaani kiasi kinavyotoa jibu lile lile bila kuyumba, ni 0.80, kosa la kawaida la alama moja ni karibu 3.6. Kwa hiyo, kwa uhakika wa asilimia 95, 42 yako inaweza kuwa popote kati ya 35 na 49. Ukitaka kusema kwa uhakika huo huo kwamba Mwanajuma amempita Kazungu, lazima tofauti yao ikaribie pointi 10. Uthabiti ukishuka hadi 0.55, upana wa alama moja unakuwa pointi 10 na ushei kila upande, na hapo kupanga waombaji kuanzia wa kwanza hadi wa ishirini ni kubahatisha. Mizani ya sokoni Kongowea ikiwa na kasoro, mnunuzi atapima tena kibanda cha pili. Mwombaji kazi hana kibanda cha pili.

Na uthabiti huku kwetu hushuka kweli. Rachid Laajaj, Karen Macours na wenzao walichambua mwaka 2019 majibu ya watu zaidi ya 94,000 kutoka nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, waliohojiwa ana kwa ana. Kauli zilizopaswa kukaa pamoja hazikukaa. Sifa tano hazikujitokeza vizuri. Lakini majibu ya watu wa nchi hizo hizo yaliyokusanywa kwa intaneti yalitoa picha iliyotarajiwa. Kwa hiyo si kwamba watu wa nchi hizi hawana hulka zinazopimika. Sehemu kubwa ya tatizo ni elimu ya anayejibu, uwepo wa mwulizaji, na mazoea ya kuitikia ndiyo.

Hilo la kuitikia ndiyo linastahili kukaliwa, kwa sababu hapa pwani lina sura mbili. Ya kwanza ni adabu. Mgeni ameketi mbele yako na karatasi, amevaa beji ya kampuni unayoiomba kazi. Kumkatalia kauli baada ya kauli ni utovu wa heshima. Ya pili ni sarufi yenyewe. Katika Kiswahili, ukiulizwa "Huchoki upesi?" ukajibu "ndiyo", mara nyingi umesema kweli, sichoki. Mwulizaji aliyezoea Kiingereza atakuandika umekiri kwamba unachoka. Kauli zenye kikanushi zikisomwa kwa sauti huzalisha majibu yanayopingana, na mpimaji anadhani mtu ni mwongo au hakuelewa.

Dawa yake inajulikana. Usiandike "simalizi kazi". Andika "huacha kazi nusu". Kinyume kipatikane kwa kitenzi kingine, si kwa kukanusha. Skeli ya hatua tano isisomwe yote kwa mkupuo kwa asiyesoma, iulizwe kwa hatua mbili: kwanza, "hii ni kweli kwako au si kweli?", kisha, "sana au kidogo?" Anayeshindwa kuchagua upande ndiye awekwe katikati. Mwishoni, chukua jozi za kauli zinazopingana, angalia mtu amekubali zote kwa kiasi gani kupita 3, kisha punguza ziada hiyo kwenye kila jibu lake. Hesabu hii inachukua safu moja ya ziada kwenye jedwali, na ni ajabu jinsi inavyorukwa.

Tafsiri nayo. Njia inayosifiwa ni kutafsiri, kumpa mtu wa pili arudishe kwenye Kiingereza, kisha kulinganisha. Haitoshi. Mfasiri hodari anaweza kukitambua Kiingereza kilichojificha chini ya Kiswahili kibovu na kukirudisha kilivyokuwa, na kila mtu akafurahi. Kuna kauli ya uchangamfu katika hazina huria ya Goldberg, IPIP, ambayo ikitafsiriwa neno kwa neno hutoka "mimi ndiye uhai wa chama", na msomaji wa Kisauni akadhani anaulizwa siasa. Halafu kuna kauli ambazo lugha yake ni sawa lakini mazingira hayamo. Kupima udadisi kwa kuuliza kama mtu hutembelea majumba ya sanaa ni kupima kipato na shule. Mtu huyo huyo anaweza kuwa amehifadhi tenzi nzima kichwani, na hojaji haina pa kuliweka hilo. Mwanamke anaweza kuwa ndiye nguzo ya shangwe kwenye harusi ya wanawake na akawa kimya kabisa mbele ya wanaume wa ukweni. "Mchangamfu" anajibuje bila kuambiwa wapi?

Kazi ya kuisimika hojaji inakwenda hivi. Wafasiri wawili wafanye kila mmoja peke yake, angalau mmoja awe mkaazi wa hapa anayejua Kimvita na Kiswahili sanifu. Wakae pamoja na mwanasaikolojia wapatanishe. Kisha watu 10 hadi 15 wa aina ile itakayopimwa wasomewe kauli moja moja waeleze kwa maneno yao wameelewa nini na walikuwa wakimfikiria nani walipojibu. Hatua hii ndiyo inayofichua mengi, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Baadaye majaribio ya watu 200 hadi 300, alfa kwa kila sifa, uchanganuzi wa faktori kuona kauli zinajipanga vipi, na sehemu ya watu hao warudie baada ya wiki mbili hadi nne. Kauli isiyokwenda na wenzake itolewe, hata kama ni maarufu. Hao waliojibu, wakiwa waombaji kazi wa kweli, ndio wanaokuwa kundi lako la kwanza la kulinganishia.

Njia ndefu zaidi ni kuanzia nyumbani. Afrika Kusini walifanya hivyo: mradi wa SAPI uliwahoji watu zaidi ya elfu moja katika lugha 11 rasmi, wakiwaeleza watu wanaowajua kwa maneno yao. Kilichotoka kina sifa zinazofanana na zile tano, lakini mambo ya uhusiano na wengine yalichukua nafasi kubwa kuliko yalivyopewa katika kielelezo cha Kimarekani, mazuri upande wake na mabaya upande wake. Amber Thalmayer, Gerard Saucier na wenzao nao walichunguza mwaka 2020 maneno ya tabia katika Kimaa, kinachosemwa Kenya na Tanzania, na sifa tano hazikujirudia vizuri. Hizi si habari za kuizika Sifa Kuu Tano. Ni habari za kumfanya mtu asite kabla ya kudhani kwamba kilichopatikana Oregon kule Marekani kimeshapatikana Mikindani hapa Mombasa.

Na hata hojaji iliyosimikwa vizuri ina kikomo. Paul Sackett na wenzake walipokokotoa upya mwaka 2022 utafiti wa miongo mingi, uhusiano kati ya alama ya uwajibikaji na utendaji kazini, ambapo 0 ni hakuna na 1 ni kamili, ulikuwa karibu 0.19. Kizidishe chenyewe kwa chenyewe: chini ya asilimia 4 ya tofauti za utendaji. Usaili wenye maswali yaliyopangwa, kila mwombaji akiulizwa yale yale na kupewa alama kwa mwongozo ule ule, ulifika 0.42. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye, 0.33. Kwa ofisi ya kutoa mizigo, kumpa mwombaji faili lenye hati tatu zisizolingana na dakika ishirini kutamwonyesha mwangalifu kuliko kauli 60. Na asiyetaka kuiacha hojaji aongeze neno moja tu, "kazini", katika kila kauli: katika hesabu zile zile, vipimo vya uwajibikaji vilivyofungwa kwenye mazingira ya kazi vilipanda hadi 0.25.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito kwa mashine peke yake. Majibu ya hojaji ni data yake. Mwombaji anaweza kuuliza, kwa adabu na kwa maandishi: hojaji hii inaitwaje, nimelinganishwa na kundi gani, uthabiti wake ni kiasi gani, nani ameisoma ripoti, na mtayahifadhi hadi lini majibu yangu. Mwajiri asiyeweza kujibu la pili hana sababu ya kukata jina kwa grafu.

Pahali hojaji hizi zinapofaa zaidi ni pale ambapo hakuna anayekatwa: ushauri wa kazi kwa vijana waliomaliza kidato cha nne, mafunzo ya wasimamizi, vikao vya unasihi. Hata huko, anayerudisha majibu asiandike "wewe ni mtu wa wahaka". Aandike masafa, kwa mfano 35 hadi 49, aseme kundi la kulinganishia ni lipi, kisha aulize kauli zipi mbili au tatu zilizompa mhusika shida kujibu, na kwa nini. Majibu ya swali hilo la mwisho yahifadhiwe; ndiyo yatakayotumika kurekebisha kauli msimu ujao.